Mizani Mbili za Ugaidi: Mjadala wa Sauti Nne

Hoja iliyo mezani: Dunia huhukumu ugaidi kwa kumtazama aliyetenda, si kwa kuwatazama waliotendewa.

Wasemaji ni wanne. Mwalimu wa historia anaiunga mkono hoja na Wakili anaipinga. Pamoja nao wapo Manusura wa mlipuko wa Nairobi na Kijana anayesoma chuo kikuu, na hao hawakupewa upande. Mwenyekiti anaongoza. Wasemaji ni wa kubuni, lakini matukio wanayoyataja yametokea kweli, na maneno yao ni yale yanayosikika kila leo vijiweni, misikitini, makanisani na kwenye kumbi za mihadhara.

MWENYEKITI: Karibuni nyote. Naweka sharti moja tu: anayetaja umwagaji damu ataje mahali na mwaka. Maneno ya jumla jumla hayatatufikisha popote. Nampa nafasi Mama kwanza, kwa sababu hapa ndiye peke yake aliyenusurika mlipuko.

MANUSURA: Asante, Mwenyekiti. Ilikuwa Ijumaa, 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi hivi. Lori lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Kwanza tulisikia kishindo kidogo na milio ya risasi. Watu maofisini waliinuka wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Mlipuko mkubwa uliwakuta nyuso zao zikiwa kwenye vioo. Ndiyo maana Nairobi ina watu wengi sana waliopofuka asubuhi moja. Jengo la Ufundi, lililokuwa na chuo cha makatibu muhtasi, liliporomoka lote. Karibu wakati uleule lori jingine lililipuka Dar es Salaam. Nairobi walikufa 213, Dar es Salaam 11. Kati ya hao 224, Wamarekani walikuwa 12.

Mimi sihitaji mtu wa kunifafanulia ugaidi. Ule ulikuwa ugaidi, na waliotenda hawana udhuru. Ninachotaka kuuliza ni kilichofuata. Mwaka 2020 Sudan, iliyokuwa imemhifadhi Osama bin Laden miaka ya 1990, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa wahanga wa milipuko ile na wa mashambulizi mengine, ili Marekani iiondoe kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Mgawo ulioripotiwa wakati ule ulikuwa hivi: mfanyakazi wa ubalozi aliyeuawa, akiwa raia wa Marekani, familia yake ipate dola milioni 10. Mfanyakazi wa ubalozi uleule, aliyeuawa na bomu lilelile, akiwa Mkenya au Mtanzania, familia yake ipate dola 800,000. Na mpita njia, abiria wa basi, msichana aliyekuwa akijifunza kupiga taipu pale Ufundi? Hao hawakuwamo kabisa. Basi naomba Wakili aniambie, damu zetu zilipimwa kwa mizani gani?

WAKILI: Mama, pole sana, na nitajibu bila kuzunguka. Sheria iliyotumika ni ya Marekani, na kila taifa hutunga sheria kwa ajili ya watu wake. Kuna haki ya kuuliza kwa nini serikali zetu hazikuwasimamia watu wetu kwa nguvu kama ile. Lakini fidia ni jambo moja na hukumu ya kitendo ni jingine. Katika hukumu sioni ubaguzi: mwaka 2001, mahakama ya New York iliwapa washtakiwa wanne kifungo cha maisha, na katika mashtaka yao walitajwa waliokufa wote, Waafrika na Wamarekani.

Ninaipinga hoja kwa sababu moja kubwa. Inataka tusahau dhamira. Yupo anayepanga kuua watu wasio na silaha ili awatie hofu wengine, na yupo anayelenga adui akakosea. Ukizifuta tofauti hizo huna sheria tena. Unabaki na kilio tu.

MWALIMU: Wakili amesema vizuri, nami naikubali tofauti ya dhamira. Tuipeleke basi Khartoum tuone kama itasimama.

Siku 13 baada ya Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 20 Agosti 1998, Marekani ilirusha makombora yakakibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, kaskazini mwa Khartoum. Ilidaiwa kwamba kilihusika na silaha za kemikali na kwamba kilikuwa na uhusiano na bin Laden. Ushahidi uliotajwa ni sampuli ya udongo. Kiwanda kile kilitengeneza dawa za binadamu na za mifugo, za malaria zikiwamo, katika nchi ambayo malaria huua. Sudan iliomba Umoja wa Mataifa upeleke wachunguzi. Marekani ikakataa. Mwaka uliofuata ikaziachia fedha za mmiliki ilizokuwa imezizuia, bila kuomba radhi na bila kulipa hata senti kwa kiwanda.

Mmiliki alikwenda mahakamani Washington. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ikamwambia kwamba suala lake ni la kisiasa, mahakama haiwezi kuhukumu uamuzi wa rais wa kushambulia. Tazameni hapo, ndugu zangu. Katika jiji lilelile la Washington, mahakama zilikaa miaka kusikiliza jinsi Sudan ilivyochangia mauaji ya Nairobi na Dar es Salaam, na zikaitoza. Silaumu hilo. Lakini mlalamikaji alipokuwa mwenye kiwanda cha Sudan, mlango ulifungwa kabla ushahidi haujasikilizwa.

WAKILI: Mwalimu, makombora yale yalipigwa jioni, kiwanda kikiwa karibu kitupu. Alikufa mlinzi. Lori la Nairobi liliegeshwa asubuhi ya siku ya kazi, katikati ya jiji. Huwezi kuyaweka mambo hayo kapu moja.

MWALIMU: Wala siyaweki kapu moja. Nimesema Nairobi palikuwa na mauaji ya kukusudia ya watu wasio na hatia, na sitalirudisha nyuma neno hilo. Swali langu ni jingine: dhamira ya aliyerusha makombora ilithibitishwa na nani? Ya waliotega bomu ilithibitishwa na mashahidi, vielelezo na jopo la wazee wa baraza. Ya Khartoum ilithibitishwa na kauli ya mrushaji mwenyewe. Mnyonge hulazimika kuithibitisha dhamira yake mbele ya hakimu. Mwenye nguvu huaminiwa kwa neno lake. Na waliokosa dawa mwaka ule hawamo katika hesabu ya kesi yoyote.

MWENYEKITI: Wakili, utajibu hilo?

WAKILI: Nitakiri sehemu. Dhamira isiyochunguzwa ni madai tu, hata ikidaiwa na nchi kubwa. Uchunguzi huru ulistahili kufanyika Khartoum. Lakini na mimi nina swali kwa Mwalimu, kwa sababu walalamikaji nao wana mizani yao ya mfukoni. Dedan Kimathi amesimamishiwa sanamu Nairobi tangu mwaka 2007. Wewe unamwita shujaa. Je, Lari unaiita nini?

MWALIMU: Nilijua itafika Lari, na nimefurahi imefika.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau iliwaita magaidi, katika magazeti na katika amri za kijeshi. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika vita ile. Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Ilichukua hadi Juni 2013 ndipo serikali ya Uingereza iliposema bungeni kwamba inasikitika kwa mateso yale, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9.

WAKILI: Na Lari, Mwalimu?

MWALIMU: Lari, usiku wa 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walifunga milango ya nyumba kwa nje wakazitia moto. Waliojaribu kutoka walikatwa mapanga. Wengi walikuwa wanawake na watoto, wa familia zilizohesabiwa kuwa upande wa serikali. Hilo lilikuwa tendo la kuwatia watu hofu kwa kuwaua wasio na silaha. Naliita ugaidi, na kulitetea kwa jina la uhuru ni kuutia uhuru doa. Lakini historia haikuishia alfajiri. Walinzi wa kijiji na askari walilipiza kisasi Lari ileile, wakaua wengi. Kwa mauaji ya kwanza watu walinyongwa kwa makumi. Kwa ya pili hakuna aliyenyongwa. Kwa hiyo Lari inanipa somo mara mbili: mpigania haki anaweza kutenda ugaidi, na serikali inaweza kutenda ugaidi ikauita ulinzi.

KIJANA: Mwalimu wangu, naomba niongeze, na samahani kama nitagusa nyumbani. Mau Mau ilipigwa marufuku na mkoloni mwaka 1950. Kenya ikapata uhuru 1963. Marufuku ile iliondolewa 2003. Kwa miaka 40 serikali zetu wenyewe zilikula matunda ya vita ile huku sheria ikiendelea kuwahesabu waliopigana kuwa kundi haramu. Hilo hakutufanyia Mwingereza.

Na si hilo tu. Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984: vyombo vya usalama vya Kenya viliwakusanya wanaume wa Kisomali kwenye uwanja wa ndege, wakakaa siku kadhaa juani bila maji, wengine wakapigwa risasi. Kwa miaka mingi serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika katika ripoti yake ya 2013 kwamba walikaribia elfu. Je, kuna orodha yoyote ya ugaidi iliyolitaja tukio hilo?

Tanzania nayo: viongozi wa Uamsho, kundi la Kiislamu la Zanzibar, walikaa rumande miaka na miaka kwa mashtaka ya ugaidi, kisha Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akayafuta. Mwezi uliofuata Freeman Mbowe, wakati huo kiongozi wa chama cha upinzani, alikamatwa Mwanza alikokwenda kwa kongamano la katiba, akashtakiwa kwa makosa ya ugaidi. Machi 2022 mashtaka yakafutwa. Kenya, vijana waliokamatwa baada ya maandamano ya 25 Juni 2025 walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya ugaidi. Mama aliyepoteza mwanawe katika shambulio la Westgate au la Garissa ajisikieje, akiona sheria iliyotungwa kwa ajili ya wauaji wa mwanawe inafunguliwa kwa mtu aliyebeba bango?

WAKILI: Kijana amesema kweli, na hapo sina la kuwatetea watawala. Sheria ya ugaidi ina makali yasiyo ya kawaida: dhamana hunyimwa, upelelezi huburuzwa, mtuhumiwa huchafuka jina siku ya kwanza. Ndiyo maana inavutia kuitumia vibaya. Lakini tusihame. Tatizo hilo ni la matumizi. Orodha za ugaidi zipo kwa sababu wauaji wapo.

MWALIMU: Orodha, Wakili? Nelson Mandela alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1993, akawa rais 1994, na bado hadi Julai 2008 yeye na wenzake wa ANC walihitaji kibali maalumu kuingia Marekani kwa sababu ya orodha kama hizo. Ahmed al-Sharaa wa Syria aliongoza tawi la Al-Qaeda, na kichwa chake kiliwekewa zawadi ya dola milioni 10. Desemba 2024 aliingia Damascus kama mshindi, zawadi ikafutwa mwezi huohuo, na Novemba 2025 akapokewa Ikulu ya Marekani. Al-Qaeda ndiyo iliyolipua Nairobi na Dar es Salaam.

WAKILI: Na ulitaka iweje? Syria iendelee kuteketea? Watu hubadilika. Bila kuzungumza na waliokuwa maadui, vita haviishi. Afrika Kusini yenyewe ni ushahidi.

MWALIMU: Sipingi mazungumzo, amani ina gharama zake. Ninachopinga ni jina kuondolewa kwenye orodha kwa sababu mtu amekuwa na faida, si kwa sababu amejibu kwa aliyoyatenda. Mfano mwingine: ndege ya shirika la Cuba ililipuliwa karibu na Barbados tarehe 6 Oktoba 1976, watu 73 wakafa. Luis Posada Carriles, aliyewahi kufanya kazi na shirika la ujasusi la Marekani, alishtakiwa Venezuela kwa kuupanga mlipuko ule, akatoroka gerezani. Venezuela iliomba arudishwe. Alifariki Florida mwaka 2018, akiwa huru. Ahmed Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri, akapelekwa Guantánamo, sasa anatumikia kifungo cha maisha kwa bomu la Dar es Salaam na Nairobi. Simhurumii aliyeua. Nauliza tu kwa nini mmoja alitafutwa hadi ncha ya dunia na mwingine akaachwa azeekee Miami. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

MANUSURA: Naomba nafasi, Mwenyekiti, maana naona tunaelekea mahali ninapopachukia.

Kila ninapoeleza habari ya Nairobi, hakosekani mtu wa kuniuliza: "Na Iraq je? Na Palestina je?" Mimi ninawalilia wa Iraq, na ninawalilia watoto wa Gaza. Lakini anayeuliza hivyo mara nyingi hataki kuwalilia wao. Anataka mimi ninyamaze. Unafiki wa Washington anaufanya kuwa kinga ya aliyeniulia jirani zangu. Undumilakuwili wa mtu mmoja haumtakasi mwingine.

Na sisi wenyewe tujiulize. Januari 2015, baada ya watu 17 kuuawa Paris, viongozi wengi wa dunia waliandamana mjini humo, wakiwamo marais wa Mali, Niger na Gabon. Siku hizohizo Boko Haram walikuwa wakiua watu Baga, Nigeria. Miezi mitatu baadaye, 2 Aprili, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Oktoba 2017 lori la mabomu liliua watu karibu 600 Mogadishu, njia panda ya Zoobe. Ni marais gani wa Afrika walioshikana mikono mitaani kwa ajili ya Garissa, kwa ajili ya Mogadishu? Tukilaumu kwamba mzungu haihesabu damu yetu, tuwe tumeihesabu sisi kwanza.

KIJANA: Mama umesema. Baada ya Westgate, wengi wetu tulinyamaza Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walipozolewa mtaani Eastleigh, Nairobi, wakazuiwa katika uwanja wa Kasarani. Tulimhukumu mtu kwa sura na jina. Ndiyo mizani ileile tunayoilalamikia kwenye viwanja vya ndege vya Ulaya.

MWENYEKITI: Nawaomba Wakili na Mwalimu wafunge. Mnipe kanuni, malalamiko yametosha.

WAKILI: Umoja wa Mataifa uliunda kamati mwaka 1996 kutayarisha mkataba mmoja wa ugaidi. Hadi leo haujakamilika, kwa sababu mataifa hayakubaliani kuhusu wapigania uhuru na kuhusu majeshi ya dola. Afrika ilijaribu mapema. Mkataba wa Algiers wa Julai 1999 unasema mapambano ya silaha dhidi ya ukoloni na uvamizi si ugaidi, yakiendeshwa kwa kufuata misingi ya sheria za kimataifa. Kisha unaongeza kwamba hakuna sababu ya kisiasa, ya rangi wala ya dini inayohalalisha kitendo cha ugaidi. Hayo mawili yakishikwa pamoja, tuna pa kusimama. Nimekuja kuipinga hoja. Ninaondoka nikisema sheria ipo na ni nzuri; wasioishika ndio wanaoifanya ionekane ya kinafiki.

MWALIMU: Nami nayakubali yote mawili, la pili likiwa zito zaidi kwetu tulio na mashujaa. Mfano nauchukua Afrika Kusini. Katika ripoti yake, Tume ya Askofu Mkuu Desmond Tutu iliuita ubaguzi wa rangi uhalifu dhidi ya binadamu. Ripoti ileile ikasema ANC nayo ilikiuka haki za binadamu, kwa mabomu yaliyoua raia kama lile la Church Street, Pretoria, mwaka 1983, ambako walikufa watu 19. ANC, ikiwa madarakani, ilikwenda mahakamani kuizuia ripoti isitoke. Ikashindwa. Tarehe 29 Oktoba 1998 Tutu alimkabidhi Mandela, na Mandela aliipokea. Ripoti ile haikusema pande mbili zilikuwa sawa. Ilisema kila mama aliyeuliwa mtoto ana haki ya kusikia ukweli, awe mama wa upande upi.

MWENYEKITI: Nimesikia. Hoja imepita, kwa marekebisho ambayo Mama ameyaleta: dunia huhukumu ugaidi kwa kumtazama aliyetenda, na sisi ni sehemu ya dunia hiyo.

Kwa anayetaka kuhukumu kwa haki, mjadala huu umetoa maswali matatu, na mpangilio wake usigeuzwe. La kwanza: waliouawa walikuwa nani, na walikuwa na silaha? La pili: walilengwa kwa makusudi, na ni nani asiye na maslahi aliyelichunguza hilo? La tatu: tendo hilihili lingefanywa na rafiki yangu, au chama changu, au serikali yangu, ningelipa jina lilelile? Asiyeweza kujibu la tatu kwa ukweli asipewe kiti cha hakimu, iwe Washington, Moscow, Nairobi au Dodoma.

Kwa wabunge wetu nina ombi. Zipitieni upya sheria za ugaidi, ili mwandamanaji na mpinzani wasishtakiwe kwa kosa la Al-Qaeda. Na kwa serikali za Kenya na Tanzania: wapo wahanga wa 7 Agosti 1998 waliozeeka bila fidia yoyote, kwa sababu tu hawakuwa waajiriwa wa ubalozi. Wadaieni haki yao mbele ya wanaodaiwa, na hadi itakapopatikana, walipieni matibabu yao. Ni raia wenu.